Mvua Iliyokuwa Ikipumzika

Vijana wangu wa chumba cha rekodi za simu, siku ya kustaafu kwangu mlinipa saa ya ukutani na blanketi, mkanipigia makofi, kisha mkanidai kumbukumbu. Saa nimeitundika. Blanketi kwa joto la Ifakara litangoja mwezi wa saba. Kumbukumbu ndizo hizi, ila msitegemee kusoma nilivyopanda cheo, maana hilo hata mimi linanichosha. Nataka kujibu swali mlilokuwa mkinong'onezana kila polisi walipotuletea barua ya kuuliza simu fulani ilikuwa chini ya mnara gani, siku gani, saa ngapi. Kwa nini Mama Otilia hataki simu za sekunde sifuri zifutwe kwenye orodha? Kwenu ninyi zilikuwa takataka: mtu kapiga, hakuna neno lililosemwa, basi. Mimi nilizipigia mstari mwekundu na kuwarudisha mkaangalie tena zilitoka wapi. Mlisema ni uzee. Uzee ninao, lakini mstari ule mwekundu ni wa zamani kuliko magoti yangu mabovu. Ulianza kabla bonde la Kilombero halijaona mnara hata mmoja.

Niliajiriwa opereta wa simu Ifakara mwanzoni mwa miaka ya tisini, msichana wa Kindamba aliyemaliza kidato cha nne na anayejua kusema "subiri" kwa adabu. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya posta, na ndani yake mlikuwa na ubao wa simu uliokuwa mkubwa kuliko kabati la nguo. Kila laini ilikuwa na tundu lake na kijibati kidogo juu yake. Mtu wa mbali akizungusha mkono wa simu yake, kijibati chake kinaanguka, tak, nawe unachomeka waya na kuuliza anamtaka nani. Halafu unaandika tiketi: nani kapiga, kutoka wapi, kwenda wapi, saa ngapi. Siku ya kwanza nilimkata padri mmoja katikati ya orodha ya mahitaji ya ujenzi wa kanisa. Alipata misumari, mabati hakupata. Nililia chooni.

Aliyenitoa chooni ni Mzee Kasian, fundi wa laini, Mpogoro mrefu mwenye mkoba wa ngozi begani. Ndani ya mkoba ule mlikuwa na simu ndogo ya majaribio, yenye mkono wake wa kuzungusha na nyaya mbili zenye meno. Kasian alipanda nguzo yoyote porini, akang'atisha nyaya zile kwenye laini, akanipigia kutoka juu kule. Siku ile alinitazama macho yalivyovimba akasema, "Padri amesamehe, ndiyo kazi yake. Njoo nikufundishe yako."

Kazi yake ilikuwa nje, lakini kila jioni aliporudisha mkoba alikaa nusu saa karibu na ubao akinifundisha kusikiliza. "Anachosema mtu ni chake," aliniambia. "Wewe sikiliza nyuma yake." Nikajifunza kwamba simu yenye vyura nyuma yake inatoka bondeni, yenye kengele za ng'ombe inatoka karibu na kambi za Wasukuma, yenye mashine ya kukoboa inatoka mjini, hata mpigaji akiapa kwamba yuko Malinyi. Nikajifunza pia aina za kimya. Laini iliyokatika ina kimya kikavu. Laini iliyolowa inachemka. Na laini ambayo mtu ameinua simu upande wa pili bila kusema ina kimya cha namna nyingine, kipana, na ukikisikia unakaa sawa kwenye kiti bila kujua kwa nini. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naogopa kimya hicho. Baadaye nikazoea, na hapo ndipo nilipoanza kuharibikiwa.

Laini yetu ngumu kuliko zote tuliiita laini ya bondeni. Ilitoka Ifakara ikifuata reli kuelekea magharibi, ikaiacha reli, ikapita Namawala, ikateremka kwenye tambarare ya mpunga mpaka kwenye ghala moja la kuhifadhia mazao. Ghala, lenye simu yake ya ukutani, lilikuwa mwisho wa laini, na nguzo ya mlangoni pake ilikuwa ya mia sita na kumi na mbili. Kila nguzo ilipigwa kibati cha namba. Kasian alipokagua laini alinipigia kutoka nguzo ya mwisho aliyofika, akataja namba, nami nikaiandika kitabuni pamoja na saa. Kitabu kile ndicho kilichokuwa mnara wetu. Mtu akiuliza fundi alikuwa wapi saa saba mchana, jibu lilikuwa humo.

Sasa nawaambia jambo ambalo mwenzenu yeyote wa enzi zile atalikana, na atakuwa anadanganya. Mafundi wazee hawakufika nguzo za mwisho. Kasian alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu na goti lake la kulia lilikuwa limevimba. Alikuwa akipanda nguzo ya katikati ya njia, anapiga, anasema, "Niko mia sita kumi na mbili, laini nzima," nami nasikia kabisa kwamba sauti iko karibu mno. Naandika mia sita kumi na mbili. Sisi tuliiita nguzo ya heshima. Mtu amepanda nguzo miaka thelathini, jua lake, mvua yake, nyuki wake, utamhesabia nguzo? Nilimpenda mzee yule kama baba, na niliona kalamu yangu inampumzisha goti. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yetu ilidumu miaka miwili, kwa hiyo tukadhani si uongo.

Masika ya mwaka ninaousemea yalikuwa ya ajabu. Ifakara mvua ilikatika wiki nzima, jua likawaka, watu wakaanika mpunga barabarani, huku milimani Udzungwa kukiwa kweusi kutwa. Wenyeji tunajua maana yake. Maji huja bila mvua yake, chini ya anga jeupe, yakitembea taratibu ndani ya majani. Husikii kitu. Unaona panya wanahama, na unapotazama tena miguu yako imelowa.

Asubuhi moja ya wiki hiyo Kasian aliondoka kwa baiskeli kukagua laini ya bondeni, na kwa bahati wakafuatana na Bwana Hemedi. Hemedi alikuwa mfanyabiashara mwenye duka la nguo sokoni, wazee wake watu wa pwani, mtu nadhifu wa kanzu na kofia hata kwenye vumbi. Alikuwa na magunia yake ya mpunga kule ghalani na alitaka kuyapandisha juu ya mbao kabla maji hayajafika. Ghala lilikuwa limefungwa kwa msimu, lakini ufunguo alipewa. Soko zima liliwaona wakiondoka pamoja na likacheka, kwa sababu mwezi mmoja nyuma lori la Hemedi liligonga nguzo mbili, na Kasian, mbele ya watu, alimwambia, "Ipo siku nitakufunga kwenye nguzo wewe, uone zinavyosimama." Watu wa Ifakara hawasahau tusi zuri. Mimi nilikuwa zamuni, hayo niliyasikia baadaye.

Saa saba na robo mchana kijibati cha bondeni kilianguka. Nikachomeka.

"Otilia mwanangu, niko mia sita kumi na mbili. Ghala limefungwa, hakuna mtu, maji yako mbali. Laini nzima."

Nyuma yake treni ilipiga honi, mara mbili, ndefu. Nikacheka. "Mzee, huko ghalani siku hizi kuna treni?"

Naye akacheka. "Andika, mwanangu. Goti linakusalimia."

Nikaandika: nguzo 612, saa 7:15, ghala tupu, laini nzima.

Saa nane kasoro dakika tano kijibati kilekile kilianguka tena. Nilichomeka nikasema, "Ifakara, ongea." Hakuna aliyesema. Nikasikia ule mchemko wa laini iliyolowa, na ndani ya mchemko, kile kimya kipana. Nilikaa sawa kwenye kiti. Nikatoa waya. Dakika tano baadaye kikaanguka. "Ifakara, nani?" Kimya. Nilihisi kuna mtu ananisikiliza, na nikajikemea, maana Kasian ameshasema ghala limefungwa na hakuna mtu. Mara ya tatu kilipoanguka, mwenzangu wa zamu aliuliza kuna nini. Nikamjibu nikiwa bado nimechomeka, nikiwa bado nimeshika swichi ya kuongelea, "Hakuna kitu, mvua tu hiyo." Nikatoa waya.

Kulikuwa na desturi nyingine, nayo ilikuwa halali. Waya ukilowa, au tawi likiugusa, kijibati huanguka chenyewe. Opereta hachomeki kila mara. Anakirudisha juu kwa kidole na kuandika kwenye kitabu cha kasoro herufi M, yaani mvua, na saa, ili fundi ajue pa kutazama. Zile tatu niliziandikia M. Kutoka hapo sikuchomeka tena. Nilirudisha kwa kidole, nikaandika M. Nilikuwa na kazi nyingine, nilikuwa na chai, nilikuwa na sweta la mtoto wa dada yangu ninalolifuma. Kijibati kilianguka, nikarudisha. Nje jua lilikuwa linawaka. Hata dirisha sikulitazama. M ya mwisho niliiandika saa kumi na moja na dakika ishirini.

Hemedi hakurudi. Mkewe, Bi. Mwanaidi, aliuliza kwanza kwa upole, halafu kwa hofu. Maji yalikuwa yameshafunika tambarare nzima, hakuna aliyeweza kupita. Yalipopungua siku ya nne, mfugaji mmoja, Mzee Masanja, akitafuta ndama wake, alimkuta Hemedi ndani ya ghala, amelala kifudifudi juu ya magunia yaliyochipua, na jeraha kichwani.

Polisi walimleta Inspekta Zakayo kutoka nje ya wilaya, mwanamume mwembamba asiyepandisha sauti. Alikusanya alichokikuta: kulikuwa na ugomvi, kulikuwa na tishio mbele ya watu, waliondoka pamoja. Halafu akaja kwetu akaomba kitabu cha laini, akanikuta mimi. Nilimpa mbiombio, nikamfungulia ukurasa mwenyewe, kwa ile fahari ya mtu anayeweka kumbukumbu safi.

"Dada Otilia, huu mwandiko ni wako?"

"Wangu, afande."

"Kasian alikuwa nguzo ya ghalani saa saba na robo."

Ndipo nilipoona nilichofanya. Jioni ile walimkamata Kasian nyumbani kwake akiwa ameloweka goti kwenye maji ya chumvi. Mimi ndiye niliyempeleka pale ghalani, kwa kalamu.

Nilimpelekea chakula mahabusu, ugali na kambare wa kukaanga. Askari wa zamu alitupa dakika chache kwenye benchi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kambare umemkausha vizuri."

"Mzee, hukufika kule. Ulikuwa karibu na reli, nilisikia treni. Kwa nini hukuwaambia?"

Alitafuna taratibu. "Niliagana na Hemedi asubuhi pale nguzo ya mia mbili tisini na saba. Aliniambia twende wote, nikamwambia goti halitaki, nikabaki kivulini. Akaenda na baiskeli yake anaimba. Jioni hakurudi, nikasema amelala Namawala." Akafuta vidole. "Nikisema sikufika, wataniuliza ni mara ngapi sikufika. Miaka miwili. Na kila mara kuna mwandiko, na mwandiko si wangu. Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Wewe ndiyo unaanza."

"Watakunyonga, Mzee!"

"Punguza sauti. Wewe nyamaza tu, kazi yako ni kusikiliza."

Nilitembea hadi nyumbani nikiwa na hasira naye, na hasira nami mwenyewe, na hofu ya kufukuzwa kazi, nisiwafiche. Nilikuwa nalisha watu watano. Lakini kila nikifumba macho nilisikia honi ile, mara mbili, ndefu. Asubuhi nilikwenda kituoni kabla sijanywa chai, nikamwambia Inspekta Zakayo kila kitu, goti, kivuli, nguzo ya heshima.

Alinisikiliza akigongagonga penseli. "Yaani unaniambia kitabu cha serikali ni cha uongo."

"Ni cha heshima, afande."

"Heshima haina namba ya nguzo. Nitakuamini vipi leo, wakati juzi ulinionyesha ukurasa huku unatabasamu?"

Nikamweleza habari ya treni. Ni nguzo za namba chini ya mia tatu tu zilizokuwa kando ya reli, na kutoka hapo hadi ghalani ni mwendo ambao honi haifiki. Stesheni nao wana kitabu chao. Inspekta aliondoka na pikipiki, akarudi adhuhuri. Treni ya mizigo ilisimama kwenye ishara, ikapiga honi mara mbili na kuondoka, saa saba na dakika kumi na nne. Mtu aliyezungumza nami saa saba na robo na honi ile nyuma yake hakuwa ghalani. Nilitaka kulia kwa furaha.

Lakini Zakayo alikuwa hajamaliza. Alikuwa mtu wa kufunua kurasa, kama nilivyotaka ninyi muwe. Alikuwa amechukua pia kitabu cha kasoro.

"Hii M ni nini?"

"Mvua, afande. Kijibati kikianguka chenyewe."

Alisoma kwa sauti, polepole. "Saa nane kasoro tano. Saa nane. Nane na tano. Nane na kumi. Nane na robo." Aliendelea hivyo hadi saa tisa kamili, kila baada ya dakika tano. "Halafu tisa na kumi. Tisa na ishirini. Tisa na dakika thelathini na tano. Kumi kasoro tano. Kumi na nusu. Kumi na moja na ishirini." Aliinua macho. "Dada, mvua gani hii inapumzika?"

Nilizisoma M zangu upya, moja baada ya moja.

"Mwalimu wa Namawala ana kipimo cha mvua shuleni," alisema. "Nimemuuliza. Siku ile hakikupata hata tone."

Akafungua mfuko wa turubai uliokuwa chini ya meza, akatoa mkono wa simu ya ukutani, ule wa kuzungushia. Ulikuwa umevilingishwa kitambaa cheupe kilichochanwa, kimefungwa fundo, kimekauka na tope. Kilikuwa upindo wa kanzu. Mtu hufunga hivyo jembe likishamtoa malengelenge.

"Tuliung'oa ukutani, hatukuelewa ni wa nini," Zakayo alisema. "Simu ile ingefanya kazi?"

Nilijua jibu kabla hajamaliza, na ningetoa chochote nisilijue. Ghala likifungwa kwa msimu, betri za simu hutolewa zisivuje. Bila betri sauti ya mtu haitoki. Lakini mkono wa kuzungusha hauhitaji betri. Unaangusha kijibati Ifakara kama kawaida. Na sikio la simu nalo halihitaji betri. Hemedi aliweza kuniita mara ishirini. Hakuweza kusema. Na kila nilichosema mimi alikisikia.

"Mvua tu hiyo," nilikuwa nimesema.

Tulikitazama kitambaa kile, mimi na Inspekta. Mwisho alisema kwamba jeraha la kichwa linafanana na ukingo wa mbao za paa, alikojigonga maji yalipompandisha juu, na kwamba mtu aliyezungusha simu hadi saa kumi na moja na dakika ishirini hakuuawa saa saba na robo. Kasian atatoka. Alisema hayo kwa upole, akidhani ananipa faraja.

Bi. Mwanaidi alikuja ofisini kabla Kasian hajaachiwa. Alisimama mbele ya ubao akiutazama, mwanamke mfupi amejifunika kanga mbili. Sikumwalika kukaa kwa sababu sikuwa na nguvu ya kusema karibu.

"Ni kipi?" aliuliza.

Nikamwonyesha kijibati cha bondeni. Alikigusa kwa kidole, kikaanguka, tak. Akashtuka, akakirudisha juu mwenyewe.

"Inspekta kanieleza kuhusu betri. Ya kwake haitoki. Ya kwako ilikuwa inaingia?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimeshazoea kuandika namba za huruma, na hii ingekuwa moja zaidi. "Ilikuwa inaingia, Bi. Mwanaidi," nilisema.

"Ulisema nini?"

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Aliuliza ningeweza kusema nini kingine. Nilimwambia kwamba mtu asiyeweza kusema anaweza kuulizwa jambo la kujibiwa kwa kuzungusha. Unamwambia, kama unanisikia, zungusha mara mbili. Ni rahisi hivyo. Kasian alikuwa amenifundisha wiki ya kwanza.

"Basi uwe unasema," alisema Bi. Mwanaidi, akaondoka. Hakuwahi kunisemesha tena hadi alipohama, na sikumlaumu.

Kasian alitoka. Yeye na mimi tulipewa barua kutoka kwa wakubwa. Yake ilimtaka arudishe vifaa na kupumzika kabla ya wakati, yangu ilikuwa onyo. Mimi niliendelea na kazi. Tangu siku ile kila kijibati kilipoanguka, kwa mvua, kwa ndege, kwa tawi, nilichomeka na kusema maneno yale. Wenzangu walidhani nimerukwa na akili. Nilizungumza na laini zilizokatika. Nilizungumza na radi. Nikijibiwa na mchemko mtupu nilisubiri hadi nihesabu thelathini, na katika kusubiri kule, mara nyingine nilihisi tena kwamba kuna mtu upande wa pili ameinua simu na anashindwa kupumua kwa sauti. Nilimwogopa mtu huyo, na nilimwomba msamaha, na sikumwambia yeyote. Siku hizi ninyi mna minara, na minara haichoki wala haina mzee wa kumwonea huruma. Lakini mnara nao unaandika tu kwamba simu fulani iliita kutoka pale. Sekunde sifuri. Anayeandika pembeni kwamba ni mvua ni sisi.

Kiangazi kilipoingia, wiki ya mwisho kabla ya Kasian kurudisha vifaa, alitoweka kwake siku mbili. Mkewe alisema amepanda mkokoteni wa maksai wa Mzee Masanja, na mkoba wake begani.

Siku ya pili, saa tano na dakika kumi asubuhi, kijibati cha bondeni kilianguka. Nikachomeka. Hakukuwa na mchemko, waya ulikuwa mkavu. Kulikuwa na kile kimya kipana.

"Ifakara hapa," nilisema. "Kama unanisikia na huwezi kusema, zungusha mara mbili."

Sikioni mwangu ukaja mkoromo wa mkono wa simu unaozungushwa. Mara moja. Nikasubiri. Ukaja mara ya pili.

Nilishika ukingo wa meza. Ndipo sauti ikatoka mbali sana, nyembamba, na nyuma yake palikuwa na upepo kwenye matete na kengele za maksai, bila treni.

"Ni mimi, mwanangu. Niko mia sita kumi na mbili. Nimepanda."

"Mzee!" Nilikuwa nalia na nina hasira. "Mbona hukusema mara moja?"

"Nilitaka kwanza nisikie alichokuwa anakisikia yeye."

Nilifuta uso. "Umesikia nini?"



"Wewe," alisema. "Wazi kabisa, kama uko chumba cha pili. Haya, andika."

Nikaandika namba ya nguzo, na saa.